Kutoka Hospitali Si Kupona

Ndugu askari, tazameni jambo hili linavyotokea kambini. Mwenzenu alichukuliwa na gari la wagonjwa akiwa hajitambui, na kwa siku nyingi habari zilizofika kwenye kombania zilikuwa mbaya: mkojo umekatika, mwili umevimba, figo zimesimama. Kisha habari zikageuka. Mkojo umerudi, uvimbe umeshuka, mgonjwa anakula. Wiki ya tatu anarejea kambini, amekonda, lakini anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na mkononi ana karatasi ya hospitali. Wenzake wanampokea kwa shangwe. Sajini anamwandika kwenye zamu ya lindo. Karatasi inatiwa chini ya godoro, na maradhi yanasahauliwa.

Nataka kusema leo juu ya karatasi hiyo. Maoni yangu ni kwamba mahali pake si chini ya godoro. Mahali pake ni ndani ya jalada la askari, na tarehe zilizoandikwa humo zapaswa kutiiwa kama zinavyotiiwa tarehe za zamu. Kwani yafaa ifahamike kwamba figo iliyoumia ghafla, hata ikirudi kufanya kazi, aghalabu haiwi tena ile ya kwanza. Askari anayeambiwa amepona na asiambiwe zaidi ya hapo, ameambiwa nusu ya kweli.

Kwanza tufahamu kiungo chenyewe. Figo ni mbili, kila moja kiasi cha ngumi, zimekaa nyuma ya tumbo, kulia na kushoto mwa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna machujio madogo madogo yapatayo milioni moja. Kwa siku moja machujio hayo huchuja maji yapatayo lita 180 kutoka katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kiasi kidogo tu, lita moja na nusu au mbili, hutoka kuwa mkojo uliobeba taka. Kazi hiyo ikisimama, sumu hujaa katika damu, maji hujaa mapafuni, na madini ya potasiamu yakizidi huweza kuusimamisha moyo ghafla. Kuna watu ambao figo zao huharibika polepole kwa miaka mingi, kwa ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu. Lakini kuna kuumia kwa ghafla, kwa saa chache au siku chache, na huku ndiko kunakomwandama askari zaidi kuliko raia.

Sababu zake ziko katika kazi yenu ya kila siku. Malaria kali ni ya kwanza. Askari aliyezaliwa katika milima ya Kigezi, ambako mbu ni wachache, akipelekwa kulinda Apac, ambako mbu ni wengi mno, mwili wake haukuzoea ugonjwa ule, na homa inayomlaza mwenyeji siku mbili yaweza kumfikisha yeye kwenye kufa figo. Pili ni kupoteza damu kwa jeraha la risasi au ajali ya gari. Tatu ni kuhara sana bila kunywa maji ya kutosha. Nne ni mazoezi makali wakati wa jua. Kuruta anayekimbizwa kilomita nyingi na mzigo mgongoni, maji yamemwishia, misuli yake huvunjika na kumwaga ndani ya damu kitu chekundu kiitwacho mayoglobini, ambacho huziba na kuunguza njia ndogo za figo. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai kavu. Tano ni dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo askari wengi huzimeza baada ya mazoezi kama mtu alaye njugu, hupunguza damu inayoingia katika figo, na mtu akiwa hana maji mwilini upungufu huo waweza kuziumiza.

Iko na sababu ya sita, ambayo haifai kufichwa katika ukurasa unaosomwa na polisi. Mtu anayepigwa fimbo nyingi matakoni na mapajani huvunjika misuli sawasawa na yule aliyeangukiwa na ukuta. Haonyeshi jeraha kubwa wala hatoki damu, lakini baada ya siku chache figo zake husimama, naye aweza kufa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2012 imekataza mateso ya kila namna. Mahabusu ambaye mkojo wake umegeuka mweusi ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali saa ile ile, awe ameshtakiwa kwa kosa gani. Na hayo nitakayosema chini juu ya askari aliyetoka hospitali, yote yanamhusu na yeye pia.

Sasa tutazame jinsi ulimwengu ulivyojifunza habari hizi, kwa sababu umejifunza kwa kiasi kikubwa kutokana na vita. Wakati ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiangusha mabomu juu ya London mwaka 1940 na 1941, watu wengi walifukuliwa chini ya vifusi wakiwa hai. Walionekana wazima, wakaongea na kunywa chai. Kisha miguu iliyobanwa ikavimba, mkojo ukawa mchache na mweusi, na kwa muda wa kama wiki moja wakafa. Madaktari Bywaters na Beall waliandika habari za wagonjwa wanne wa namna hiyo mwaka 1941, na tangu hapo uhusiano wa misuli iliyopondeka na figo ukajulikana sana. Nchini Uholanzi, iliyokuwa imetekwa, daktari Willem Kolff aliunda mashine ya kusafisha damu mwaka 1943. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, na ilikuwa mwaka 1945 ndipo mashine ile ilipomwokoa mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 67. Mwaka 1952, katika vita vya Korea, jeshi la Marekani likaipeleka mashine ya namna hiyo karibu na uwanja wa mapigano, mahali paitwapo Wonju. Kabla ya hapo, kati ya majeruhi kumi ambao figo zao zilisimama, zaidi ya wanane walikuwa wakifa. Kwa mashine ile vifo vikashuka hadi kukaribia nusu.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulizaa kosa. Kwa kuwa zamani mgonjwa alikuwa anakufa, yule aliyekojoa tena alihesabiwa kuwa ameponea kabisa. Kwa miaka mingi hata vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mwenye figo iliyoumia ghafla hufa au hupona, na akipona hesabu imekwisha. Daktari alimpa mkono wa kwaheri, na hakuna aliyemfuata mgonjwa nyumbani kutazama anaendeleaje baada ya miaka mitano au kumi.

Walipofuatwa, hesabu ilionekana kuwa haijakwisha. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya tafiti 82 zenye watu zaidi ya milioni mbili, wakalinganisha waliowahi kuumia figo ghafla na wale ambao hawakuumia. Walioumia walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa kudumu wa figo, au kuzidiwa nao, zaidi ya mara mbili na nusu. Hatari ya figo kufa kabisa ilikuwa karibu mara tano. Hatari ya kufariki ilikuwa karibu mara mbili. Tena wale walioumia sana, na wale ambao figo zao zilichelewa kurudi, walikuwa katika hatari kubwa kuliko wengine.

Pengine askari atasema kwamba hao ni wazee na wagonjwa wa sukari, si vijana wenye nguvu. Basi na atazame habari za askari wenziwe. Mwaka 2015 zilitolewa habari za askari wa Marekani zaidi ya elfu tatu waliojeruhiwa vibaya katika vita vya Iraq na Afghanistan, waliofuatiliwa kwa miaka baada ya kurudi kwao. Hao walikuwa vijana, waliopimwa na kuchaguliwa kabla ya kuvaa sare. Miongoni mwao, wale ambao figo ziliumia wakati wa kujeruhiwa walipatwa na shinikizo la damu kwa kiasi cha asilimia 66 zaidi ya wenzao, na ugonjwa wa kudumu wa figo karibu mara tano. Risasi ilikuwa imekwisha kutolewa mwilini, kidonda kimefunga, na adui amebaki ng'ambo ya bahari. Lakini figo ilikuwa bado haijasahau.

Nasi hapa kwetu hatukosi ushahidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliougua malaria kali walifuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Wale ambao figo zao ziliumia wakati wa homa walionekana zaidi kuwa na ugonjwa wa kudumu wa figo walipopimwa baadaye. Mtoto si askari, lakini mbu ni yule yule na ugonjwa ni ule ule.

Kwa nini iwe hivyo? Machujio yaliyokufa hayaoti tena. Yale yaliyobaki hugawana kazi ya wenzao, nayo huifanya kwa bidii, hata mtu akajiona mzima. Tufikiri juu ya kombania iliyopoteza theluthi ya watu wake, lakini ikaachiwa lindo lile lile na doria zile zile. Itashika lindo mwezi wa kwanza na wa pili. Baada ya mwaka, wale waliobaki watachoka, na mmoja mmoja ataanza kuanguka. Ndivyo ilivyo figo iliyopungukiwa, na hasa shinikizo la damu likiongezeka juu yake.

Jambo la kutahadhari ni kwamba figo ni kiungo kivumilivu. Haiumi kichwa chake wala haipigi kelele. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake na bado akaruka viunzi na kupiga shabaha. Dalili zinapokuja, kama uchovu, kuvimba miguu, kichefuchefu na kukosa pumzi, mara nyingi kilichobaki ni kidogo. Ndiyo maana kipimo hakingojei dalili.

Tena hata kipimo kina mtego wake, ambao yafaa askari na mganga wa kikosi waujue. Kipimo cha kawaida cha damu hutazama kitu kiitwacho kreatinini, ambacho hutoka katika misuli. Figo ikidhoofika, kreatinini huongezeka. Lakini mtu aliyelala kitandani wiki tatu amepoteza misuli mingi, na kwa hiyo kreatinini yake yaweza kuonekana nzuri siku ya kutoka hospitali hali figo bado ni dhaifu. Akishaanza kula na kufanya mazoezi misuli ikarudi, ndipo ukweli hujitokeza. Basi ile namba ya siku ya kutoka haitoshi kuwa hukumu. Sharti ipimwe tena, na sharti mkojo nao upimwe kuona kama una protini, kwa kuwa protini katika mkojo ni alama kwamba machujio yanavuja.

Nimesema hayo yote si kwa kutaka kutisha. Kati ya wanaoumia figo ghafla na kupona, wengi hawafikii kamwe kuhitaji mashine. Watu wasiohesabika wanaishi vema kwa figo moja tu, wakiwamo wale waliotoa nyingine kuwapa ndugu zao. Hatari mara tano ya jambo lisilotokea mara nyingi haina maana kwamba kila mtu litamfika. Maana yake ni kwamba kuna ufa ukutani, na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ya anayeziba na asiyeziba hujulikana baada ya miaka kumi.

Tena gharama ya kujenga ukuta huu si ndogo. Mtu ambaye figo zimekufa kabisa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, na kila mara ni kama saa nne. Mashine hizo haziko katika kila wilaya. Askari wa namna hiyo hawezi kulinda mpaka wa Karamoja, wala polisi hawezi kukaa katika kituo cha mbali. Mwaka 2023 madaktari wa Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, nao wanastahili heshima ya taifa. Lakini figo ya kupandikizwa hutoka kwa ndugu aliye hai, na dawa zake hazikomi. Kulinganisha na hayo, kupima damu na mkojo mara moja kwa mwaka ni kazi ya asubuhi moja.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mkuu wa kikosi atasema jeshi si mahali pa kubembelezana. Nami namwuliza, afande, bunduki ikikwama vitani kisha ikafyatuka tena, je, huirudisha mikononi mwa askari bila kuipeleka kwa fundi wa silaha? Huipeleka, kwa kuwa iliyokwama mara moja yaweza kukwama tena siku mbaya zaidi. Basi mtu asipewe heshima iliyo pungufu ya ile ya bunduki.

Askari naye ana pingamizi lake, ambalo halisemi mbele ya watu. Anaogopa kwamba jina lake likiandikwa kwamba aliugua figo, hatapelekwa kozi, hatapelekwa kulinda amani ng'ambo, pengine atastaafishwa kabla ya wakati. Kwa hiyo ananyamaza. Hofu hii si ya kuchekwa, kwa sababu ana watoto shuleni. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa wakubwa wana wajibu mzito kuliko askari mwenyewe. Iwapo jalada la ugonjwa litatumiwa kama fimbo, hakuna askari atakayesema kweli. Likitumiwa kumpangia kazi anayoiweza huku akipimwa, watasema. Askari aliyefundishwa kwa miaka kumi na tano na ambaye figo zake zinatunzwa, ana faida kubwa kwa taifa kuliko yule aliyeficha akaanguka.

Nini basi kifanyike? Kwa askari, la kwanza ni kuishika karatasi yake na kuuliza kabla ya kutoka wodini: figo zangu ziliumia kwa sababu gani, namba yangu ya kreatinini ni ngapi, na nirudi lini? Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo uliotolewa mwaka 2012 unataka mgonjwa apimwe tena miezi mitatu baada ya kuumia. Yule aliyeumia sana hupaswa kuonwa mapema zaidi. Baada ya hapo apimwe angalau mara moja kila mwaka: damu, mkojo na shinikizo la damu. Na kila daktari au muuza dawa atakayemhudumia, amwambie kwanza: figo zangu ziliwahi kuumia.

La pili, aachane na diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, isipokuwa kwa amri ya daktari anayeijua habari yake. Aachane pia na mizizi na majani ya kuchemsha yasiyojulikana, kwa maana baadhi yake yameua figo za watu wazima. Alale ndani ya chandarua kila usiku, hata akiwa porini. Akipatwa na kuhara au homa asingoje kesho. Chumvi apunguze, sigara aache, na kama amepewa dawa ya shinikizo la damu aimeze hata siku anapojisikia mzima.

Kwa wakuu, ombi langu ni mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Habari ya figo iandikwe katika jalada la askari, nayo imfuate kila anapohamishwa, kwa kuwa uhamisho ndio unaopoteza wagonjwa wengi. Tarehe ya kipimo cha miezi mitatu ihesabiwe kuwa amri, na ruhusa ya kwenda hospitali itolewe bila mtu kuomba mara mbili. Kurudi katika mazoezi makali kuwe kwa hatua, kwa ushauri wa daktari, kutembea kabla ya kukimbia, na kukimbia bila mzigo kabla ya kubeba mzigo. Na mwisho, kila mkufunzi wa makuruta afundishwe kwamba mkojo wa rangi ya chai kavu si ulegevu wala uvivu. Ni amri ya kusimamisha mazoezi, kumpa mtu maji na kivuli, na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu wa polisi na wa jeshi, mlipokula kiapo mliahidi kuitoa miili yenu kwa ajili ya nchi. Hakuna kiapo kilichosema mwili huo upotezwe kwa kusahau karatasi. Yule mwenzenu aliyerejea wiki ya tatu, mwacheni leo ale na kucheka nanyi. Lakini kesho asubuhi sajini na atafute karatasi ile chini ya godoro, aisome tarehe iliyoandikwa, na aiandike kwenye daftari la zamu kando ya jina la askari huyo: siku hiyo hana lindo, yuko hospitali.